Manowari Zilizopita Nchi Kavu



Mtu wa pwani akisikia neno manowari, mara moja hufikiri bahari ya chumvi, na bandari, na mawimbi makubwa. Lakini manowari nitakazowaeleza leo hazikupigana baharini. Zilipigana katika Ziwa Tanganyika, na kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, kwa njia ya reli, ni mwendo wa maili 780 hivi. Hapana mto upitikao na merikebu kutoka bahari yetu hata ziwa lile. Kila chombo kikubwa kilichofika huko kilipita nchi kavu: kimoja kiliwekwa katika magari ya moshi kikapita Tabora, na vingine vilikokotwa na ng'ombe juu ya milima ya Kongo.

Katika habari hii nataka mshike jambo moja. Nguvu ya chombo cha ziwani haianzi majini, huanza njiani. Na njia ni kazi ya watu.

Kwanza na tuitazame njia yenyewe. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo penye shida ya maji, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Tabora palikuwa fundo la njia. Njia moja ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nyingine kusini, hata Katanga. Na nyingine ilishika magharibi, ikavuka mto Malagarasi, ikapita Uvinza penye chumvi, ikaishia Ujiji, ukingoni mwa ziwa. Burton na Speke, Waingereza wawili, waliifuata njia hiyo, wakafika Tabora mwaka 1857 na Ujiji mwaka 1858. Lakini wao walifuata nyayo tu. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuizoea zamani, wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga.

Katika njia hiyo palikuwa na sheria isiyoandikwa, nayo ilitawala kila kitu: mzigo wa mtu mmoja. Mpagazi hodari alichukua frasila 2, yaani ratli 70 hivi. Kitu kisichoweza kugawanywa katika mizigo ya namna hiyo, au kuchukuliwa na watu wachache kwa miti mabegani, hakikufika ziwani. Ndiyo sababu Stanley, alipotoka Bagamoyo mwaka 1874, alikuwa na mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyotengenezwa vipande vipande. Wapagazi waliichukua hata Ziwa Viktoria, na baadaye hata Ujiji, ambako mwaka 1876 aliitumia kulizunguka Ziwa Tanganyika. Watu walimsifu nahodha, lakini kabla ya mashua hiyo kuwachukua watu, watu waliichukua mashua.

Wadachi walipotaka meli ya moshi ziwani, walikutana na sheria ile ile. Meli yao Hedwig von Wissmann ilifunguliwa vipande, ikapelekwa kwa njia ya Ziwa Nyasa, kisha ikapita nchi kavu hata Ziwa Tanganyika, nayo ikashushwa majini mwaka 1900. Haikuwa meli kubwa, maana njia haikuruhusu kubwa.

Kisha ikaja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwanzo wa mwaka 1914 ikafika Kigoma. Hapo sheria ya frasila 2 ikavunjika. Mwaka 1913, huko Papenburg katika nchi ya Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, paliundwa meli yenye urefu wa futi 230 na zaidi, ikaitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa katika gari la moshi. Mafundi watatu wa kiwanda kile, jina lao Rüter, Tellmann na Wendt, walikuja pamoja nayo ili kuiunga upya Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Sasa ninyi wanafunzi, chukueni kalamu mfanye hesabu. Tani moja ni ratli 2,240. Kwa mizigo ya ratli 70 ni wapagazi 32. Meli ile ilikuwa na uzito uliopita tani 1,000. Basi ingalitaka wapagazi zaidi ya 32,000 katika safari moja. Na hata wangalipatikana, tangi la kuchemshia maji ya injini haligawanyiki kama robota la nguo. Hivi mwaona kwamba meli ile ilikuwa mtoto wa reli. Bila reli ya Tabora isingalizaliwa.

Lakini ilipokuwa ikiungwa Kigoma, Vita Kuu ya mwaka 1914 ilikuwa imekwisha kuanza. Ziwa lilikuwa mpaka: upande wa mashariki Wadachi, upande wa magharibi Wabelgiji wa Kongo. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu isiweze kutumika. Toka siku hiyo ziwa lote, ambalo urefu wake ni maili 400 na zaidi, likawa mkononi mwa Wadachi. Waliweza kuvusha askari na kupiga pwani ya pili wakati wapendapo, na adui zao hawakuwa na chombo cha kuwazuia. Palikuwapo pia Kingani, mashua ndogo ya moshi, ambayo ililetwa kwa reli kutoka pwani ili kulinda ziwa.

Waingereza walitaka kulitwaa ziwa, lakini kwa njia gani? Reli ilikuwa ya Wadachi, na njia ya Tabora ilikuwa imefungwa kwao. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliyeijua Kongo, alikwenda London mwaka 1915 akatoa shauri: zipelekwe mashua ndogo zenye mbio, kwa njia ya kusini. Wakuu wa manowari wakakubali. Wakachagua mashua mbili za petroli, zilizoundwa kwa namna moja kama pacha: kila moja urefu wake futi 40, ubao wake mwembamba, injini zake mbili, na mbio zake zaidi ya maili 20 kwa saa. Mbele zilitiwa mzinga mdogo wenye risasi ya ratli 3, na nyuma bombomu. Mkuu wao, Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou. Kwa Kifaransa ni kama mtoto anavyomwita paka na mbwa.

Katika mwezi wa Juni 1915 pacha hao waliondoka Uingereza. Wakashuka Cape Town, wakapanda gari la moshi hata Fungurume katika Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba, maili zaidi ya 100 za msitu na mabonde. Zilikuwapo injini mbili za moshi za kukokota, na jozi nyingi za ng'ombe. Lakini njia yenyewe haikuwapo. Mamia ya watu wa Kongo waliifanya kwa mikono yao. Walikata miti, wakavunja mawe, wakajenga madaraja juu ya vijito, wakachota maji ya kunywesha injini pale maji yalipokuwa mbali. Palipokuwa na mteremko mkali, mashua zilishushwa kwa kamba, inchi kwa inchi. Baada ya milima wakapata reli fupi, kisha mto Lualaba uliopungukiwa maji, kisha reli nyingine, na mwisho wa Oktoba 1915 wakafika Lukuga, ukingo wa magharibi wa ziwa. Angalieni tena ile sheria ya njia: mashua zilikuwa ndogo si kwa kuwa ndogo ni bora vitani, bali kwa kuwa kubwa isingalivuka Mitumba.

Siku chache kabla ya Krismasi zilishushwa majini. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja kuchungulia. Mzinga wake ulielekea mbele tu, na Mimi na Toutou wakaja kwa nyuma kwa mbio. Vita havikuchukua hata nusu saa. Nahodha wa Kingani aliuawa, chombo chake kikatekwa, kikatengenezwa na kupewa jina jipya, Fifi, kikaingia upande wa pili wa vita. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilitoka kutafuta habari za Kingani. Mimi na Fifi wakaifukuza, na mzinga wa Fifi ukaizamisha.

Ikabaki Götzen, meli kubwa kupita zote, nayo ilikuwa imewekewa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyozama katika Rufiji mwezi wa Julai 1915. Mzinga ule nao ulifika ziwani kwa reli ya Tabora. Mashua za Waingereza hazikuthubutu kuipiga meli ile, wala haikupata kuzamishwa na adui. Ilishindwa kwa jambo lingine: njia. Katika mwaka 1916 Wabelgiji walishuka kwa nchi kavu kutoka Ruanda na Urundi, wakielekea reli. Meli ikanyang'anywa mzinga wake mkubwa, kwa kuwa ulitakiwa bara. Wadachi walipoona Kigoma haitazuilika, waliamua kuizamisha wenyewe. Wale mafundi watatu hawakupenda kuiharibu kazi ya mikono yao. Walizipaka injini mafuta mazito kila mahali, na tarehe 26 Julai 1916 meli ikatiwa maji taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi, ikalala chini. Siku chache baadaye Kigoma ikaingia mikononi mwa Wabelgiji, na tarehe 19 Septemba 1916 Tabora nayo ikatwaliwa. Njia ilipokatika, enzi ya ziwa nayo ilikwisha.

Wabelgiji waliinua meli baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na kumbe yale mafuta yalikuwa yamezilinda injini, zikasafishwa, zikawaka. Mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena, bila mizinga, kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa katika upande wa kusini. Kwa miaka mingi ilibeba wasafiri, nafaka na dagaa kati ya vijiji vya ziwa, na watu wengi waliipanda bila kujua ya kwamba ilizaliwa kwa ajili ya Kigoma na ikaingizwa vitani kabla ya kufanya kazi hata siku moja ya amani.

Ndugu zangu, habari hii imesimuliwa mara nyingi katika vitabu vya Ulaya. Majina ya wakuu yameandikwa, na vyeo vyao, na nishani zao. Lakini ni nani aliyeandika majina ya watu waliojenga madaraja ya Mitumba? Ni nani aliyeandika majina ya vibarua waliolaza mataruma ya reli kati ya Tabora na Kigoma? Katika vita vile vile, reli ilipokuwa mbali, pande zote mbili ziliwarudia wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara. Mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza, nao ni ukumbusho wao, ingawa wengi walitajao jina hilo huwaza soko tu.

Sisemi haya ili kuwadharau mabaharia. Kwenda na ubao wa futi 40 kumkabili adui kwataka moyo. Nasema ili hesabu iwe sawa. Mzee wa Unyamwezi aliyekuwa na babu mpagazi asidhani ya kwamba habari za manowari si habari zake. Babu yake alikuwa bingwa wa kazi ile ile iliyoamua vita vya ziwa: kukitoa kitu kizito hapa na kukifikisha kule, mzigo kwa mzigo, kambi kwa kambi, bila kukipoteza njiani.

Basi mwanafunzi, ukipita Tabora kwa gari la moshi, tazama nje. Chini yako mwapita njia ya makasha 5,000, na kando yako, huko na huko, mwapita njia ya zamani ya kirangozi na watu wake. Na ukiona siku moja meli nzuri majini, usiulize tu nahodha wake ni nani. Uliza pia: ilifikaje hapa, na ni nani waliyoichukua? Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Na mzigo kwa mzigo, ndugu zangu, huwa merikebu.