PROGRAMU KONGWE KUTUHUMIWA GHAFLA: SABABU ZAKE NA HATUA ZINAZOPASWA KUCHUKULIWA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu matumizi salama ya kompyuta



Hutokea katika ofisi, madukani na hata majumbani kwamba programu iliyotumika miaka mingi bila ya dosari, iwe ya kutunzia hesabu, ya kuchapishia stakabadhi au ya kuhifadhia kumbukumbu za wagonjwa, asubuhi moja huzuiliwa na programu ya kukinga virusi na kutangazwa kuwa ni hasidi. Jana yake ilifanya kazi. Leo imewekwa karantini. Hakuna aliyeigusa wala aliyeibadilisha.

Mtumishi aliye mbele ya kompyuta hiyo hujikuta baina ya vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuifuta programu kwa hofu, na pengine kumbukumbu zake zikapotea pamoja nayo. Cha pili ni kuizima kinga yenyewe ili kazi iendelee. Njia zote mbili zimewahi kuleta hasara kubwa duniani. Hivyo basi, inafaa ieleweke kwanza kwa nini jambo hili hutokea, kisha ndipo ielezwe hatua inayopaswa kuchukuliwa.

NAMNA KINGA INAVYOFANYA KAZI

Programu ya kukinga virusi inaweza kufananishwa na mlinzi wa lango aliyepewa daftari lenye sifa za wahalifu. Daftari hilo halikai kama lilivyo. Huongezwa kurasa kila siku, na mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu programu hasidi mpya hugunduliwa kwa mamia ya maelfu kila siku. Kwa hiyo, programu kongwe inapotuhumiwa leo, mara nyingi iliyobadilika si programu hiyo bali ni daftari la mlinzi.

Mlinzi huyu hutumia njia tatu. Ya kwanza ni kulinganisha alama, yaani kutazama iwapo ndani ya faili mna kipande kinachofanana na kipande cha kirusi kinachojulikana. Ya pili ni kuchunguza tabia: programu inataka kufanya nini, inafungua faili zipi, inawasiliana na nani. Ya tatu ni kuuliza sifa, yaani faili hiyo inatumiwa na watu wangapi, imetiwa saini ya kidijitali na nani, na imejulikana kwa muda gani. Kila moja kati ya njia hizi ina manufaa yake, na kila moja inaweza kumkamata asiye na hatia.

SABABU ZA TUHUMA ZISIZO SAHIHI

(a) Alama iliyo pana mno. Watengenezaji wa kinga hawawezi kuandika alama moja kwa kila kirusi, kwa vile virusi ni vingi mno na hubadilishwa umbo kila mara. Badala yake huandika alama moja ya kunasa ukoo mzima. Alama hiyo ikiwa pana kupita kiasi, huwanasa na wasiohusika.

(b) Namna programu ilivyofungwa. Watengenezaji wengi wa programu ndogo hutumia vyombo vya kubana faili, kama vile UPX, ili ziwe nyepesi. Waandishi wa virusi nao hutumia vyombo hivyo hivyo ili kuficha yaliyomo. Mlinzi aliyekwisha kukuta bidhaa za magendo ndani ya magunia ya aina moja huanza kulitilia shaka kila gunia la aina hiyo, hata lile lenye karafuu tupu.

(c) Kazi inayofanana na ya wahalifu. Programu ya kuiongoza kompyuta kutoka mbali, au ya kurejesha nywila iliyosahauliwa, humsaidia fundi wa ofisi na humsaidia mwizi pia. Kampuni ya kinga inaweza wakati wowote kuamua kwamba programu za aina hiyo zitolewe onyo, ingawa hapo kabla ziliachwa zipite.

(d) Upungufu wa sifa. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya idara moja, inayotumika katika kompyuta chache tu, haina watu wengi wa kuishuhudia. Ikiwa haina saini ya kidijitali, au cheti kilichotumika kutia saini kimefutwa na mamlaka iliyokitoa, mlinzi huiona kama mgeni hata kama imekaa ofisini miaka kumi na mitano.

(e) Kinga kuigana. Mwaka 2010 kampuni ya Kaspersky ya Urusi ilieleza jaribio lililofanywa kwa faili 20 zisizo na madhara yoyote. Faili 10 kati ya hizo Kaspersky ilizitangaza kwa makusudi kuwa ni hasidi, kisha zote zikapelekwa katika huduma ya VirusTotal, ambayo huichunguza faili moja kwa kutumia kinga za kampuni nyingi. Baada ya siku zipatazo kumi, faili zile zilizosingiziwa zilikuwa zinatuhumiwa na kampuni nyengine zipatazo 14. Kwa hivyo, wingi wa sauti zinazotuhumu si lazima uwe wingi wa ushahidi.

MATUKIO YALIYOWAHI KUTOKEA

Mwezi wa Mei 2007, kinga ya Norton ya kampuni ya Symantec ilizitangaza faili mbili za mfumo endeshi wa Windows XP wa lugha ya Kichina kuwa ni kirusi na kuzitenga. Faili hizo zilikuwa za lazima. Kompyuta nyingi nchini China, zilipozimwa na kuwashwa tena, hazikuamka.

Tarehe 21 Aprili 2010, kampuni ya McAfee ilitoa sasisho lililokusudiwa kukinasa kirusi kiitwacho Wecorl. Alama yake ililingana na faili halali ya Windows XP iitwayo svchost.exe. Kompyuta zilizopokea sasisho hilo zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe mfululizo, na zikapoteza mawasiliano ya mtandao, hivyo mafundi walilazimika kuziendea moja baada ya moja. Katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, baadhi ya hospitali ziliahirisha upasuaji usiokuwa wa dharura na kuwarejesha wagonjwa ambao hali zao hazikuwa mbaya. Nchini Australia baadhi ya maduka makubwa yalifungwa kwa sababu mashine za kupokelea malipo hazikufanya kazi. Sasisho lilirekebishwa kwa muda wa saa chache, lakini madhara yake yalichukua siku kadhaa kuondolewa.

Tarehe 19 Septemba 2012, kinga ya kampuni ya Sophos ya Uingereza iliituhumu programu yake yenyewe ya kuleta masasisho. Pale ilipokuwa imepangwa kufuta au kuhamisha kila kinachotuhumiwa, ilikiharibu chombo ambacho kingeleta marekebisho. Mwezi wa Septemba 2022, kinga ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows nayo iliituhumu kwa muda programu ya Chrome, ambayo hutumiwa na mabilioni ya watu.

Matukio haya yanaonesha kwamba ukubwa wa kampuni hauizuii kukosea, na kwamba hasara iliongezeka zaidi pale ambapo mashine iliachiwa ihukumu na itekeleze hukumu yenyewe bila ya mtu kuangalia.

TUHUMA INAPOKUWA YA KWELI

Pamoja na hayo, itakuwa ni kosa kubwa kudhani kwamba kila programu kongwe inayotuhumiwa inaonewa.

Kwanza, programu inaweza kubaki kama ilivyokuwa, lakini udhaifu wake ukaja kujulikana. Mfano wake ni kiendeshi kiitwacho WinRing0, kilichotumiwa kwa miaka mingi ndani ya programu za kupimia joto la kompyuta na kuongozea feni zake. Mwaka 2020 iliandikishwa rasmi kwamba kiendeshi hicho kina mwanya unaoweza kumpa mtu asiyehusika mamlaka makubwa juu ya kompyuta. Mwezi wa Machi 2025 kinga ya Microsoft ilianza kukizuia, na watumiaji wengi walistaajabu. Aliyekitengeneza hakuwa na nia mbaya, lakini mlango uliokuwa wazi ulikuwa wazi kweli.

Pili, programu yenyewe inaweza kuingiliwa. Baina ya tarehe 15 Agosti na 12 Septemba 2017, toleo la 5.33 la programu ya CCleaner, iliyoaminiwa kwa zaidi ya miaka kumi, lilisambazwa likiwa na programu hasidi ndani yake. Lilitoka katika mitambo ya mtengenezaji mwenyewe, likiwa na saini yake halali, na likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Mtengenezaji huyo alikuwa amekwisha kununuliwa na Avast, kampuni ambayo kazi yake ni kukinga virusi.

Mwaka huo huo, tarehe 27 Juni, nchini Ukraine, programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc ilipokea masasisho yaliyotiwa sumu, na kwa njia hiyo kirusi cha NotPetya kikaenea katika nchi nyingi. Kampuni ya meli ya Maersk pekee ilikadiria hasara ya dola za Kimarekani milioni 200 hadi 300. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Programu ya kodi ni miongoni mwa zile ambazo mtumishi asingezidhania ubaya, na ndiyo maana wahalifu waliichagua.

HATUA ZINAZOPASWA KUCHUKULIWA

Kutokana na maelezo hayo, onyo la kinga lisichukuliwe kuwa ni hukumu, wala lisichukuliwe kuwa ni kelele. Ni tuhuma inayohitaji kuchunguzwa. Watumishi na wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Faili iliyotuhumiwa iachwe karantini na isifutwe. Ikiwa karantini, haiwezi kudhuru, na ikithibitika kuwa haina kosa inaweza kurejeshwa. Kinga za ofisi zisipangwe kufuta zenyewe kila kinachotuhumiwa.

2. Kinga isizimwe kwa hali yoyote kwa ajili ya kuharakisha kazi. Ikibidi kusamehewa kitu, isamehewe faili moja iliyothibitishwa, na si kabati zima la mafaili wala diski nzima.

3. Jina la faili, jina la tuhuma, tarehe na saa viandikwe, na fundi wa kompyuta wa ofisi apewe taarifa siku hiyo hiyo. Tuhuma ikitokea katika ofisi nyingi kwa wakati mmoja mara baada ya sasisho, ipo dalili ya kosa la kinga. Ikitokea katika kompyuta moja tu, uchunguzi uwe mkali zaidi.

4. Fundi ailinganishe faili iliyotuhumiwa na nakala ya asili iliyotoka kwa mtengenezaji. Zikiwa sawa herufi kwa herufi, basi faili haikuingiliwa baada ya kutoka kwake, ingawa mfano wa CCleaner unaonesha kwamba ulinganisho huo peke yake hautoshi. Iangaliwe pia iwapo mtengenezaji ametoa tangazo lolote au toleo jipya.

5. Faili ya programu inaweza kupelekwa VirusTotal kwa kupata maoni zaidi, lakini nyaraka za Serikali, orodha za mishahara na kumbukumbu za wagonjwa zisipelekwe huko kabisa. Kinachowekwa humo huweza kuonwa na kampuni na wachunguzi wa nchi nyengine.

6. Ikithibitika kwamba tuhuma si sahihi, kampuni ya kinga iarifiwe. Takriban kampuni zote zina utaratibu wa kupokea malalamiko hayo na kuirekebisha alama. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya idara moja haina mtetezi mwengine isipokuwa idara yenyewe.

7. Nakala za akiba za kumbukumbu zote muhimu zihifadhiwe nje ya kompyuta inayotumika, na zijaribiwe mara kwa mara kama zinarejesheka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kutegemewa.

Aidha, wakuu wa vitengo wanakumbushwa kwamba programu isiyokuwa tena na mtengenezaji wa kuisimamia itaendelea kutuhumiwa mara kwa mara, kwani hakuna wa kuitia saini mpya wala wa kuziba mianya yake. Mipango ya kuibadilisha iandaliwe wakati ingali inafanya kazi, na isisubiriwe siku ambayo mishahara itashindwa kulipwa au mgonjwa atakosa faili lake.

Ndugu Watumishi na Ndugu Wananchi,

Programu haiwi salama kwa sababu tu imezoeleka, wala haiwi hasidi kwa sababu tu imetajwa. Linalopambanua baina ya hali hizo mbili ni uchunguzi wa mtu mwenye subira, mwenye nakala za akiba, na mwenye kutoa taarifa kwa wakati. Tahadhari kabla ya hatari.