Korti Isiyo na Jeshi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imenitaka niseme habari za korti za Serikali Kuu ya Marekani, nami nimekubali kwa furaha, maana jambo hili latuhusu sisi watu wa kalamu kuliko linavyoonekana kwanza. Korti hizo hazina jeshi, wala hazishiki ufunguo wa hazina. Jaji akiisha kutamka hukumu yake, hana budi kungoja watu wengine waitimize. Basi kwa nini hutiiwa?

Mpango wenyewe si mgumu. Chini ziko korti za wilaya, nazo ni 94. Juu yake korti za rufani, 13. Na juu ya zote Korti Kuu iliyoko Washington, yenye majaji 9 tangu mwaka 1869. Majimbo nayo yana korti zake, lakini hizo leo naziacha. Jaji wa Serikali Kuu huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Senati, kisha hukaa kazini maisha yake yote maadamu mwenendo wake ni mwema, na Katiba yakataza kupunguzwa kwa mshahara wake. Ninyi mjuao jinsi mtu anavyopima maneno mbele ya yule ashikaye kitabu cha mishahara, sina haja ya kuwaeleza faida yake.

Nguvu ya Korti Kuu ilianza kwa jambo la makaratasi. Mwezi wa Machi 1801 Rais John Adams, siku zake za utawala zikiwa ukingoni, aliweka mahakimu wadogo 42 katika wilaya ya mji mkuu. Hati zao zilitiwa sahihi, zikapigwa muhuri; lakini nyingine hazikuwafikia wenyewe, zikabaki ofisini. (Ni nani kati yetu asiyejua barua iliyolala mezani ikageuza maisha ya mtu?) Rais mpya, Thomas Jefferson, akaagiza zisitolewe. Mmoja wa waliokosa, William Marbury, akaenda Korti Kuu kuomba Waziri James Madison aamriwe kumpa hati yake. Na Jaji Mkuu alikuwa nani? Alikuwa John Marshall, yule yule aliyekuwa Waziri hati zile zilipoachwa bila kupelekwa!

Marshall alikuwa katika mashaka. Akiamuru, huenda Madison asitii, nayo Korti iaibike mbele ya watu wote. Akikataa tu, itasemwa kwamba ameogopa. Mwaka 1803 alihukumu hivi: Marbury ana haki ya hati yake, na Serikali imekosa kumnyima, walakini ile sheria ya mwaka 1789 iliyoiruhusu Korti Kuu kupokea shauri la namna hii kabla halijapita korti nyingine haipatani na Katiba, na sheria isiyopatana na Katiba si sheria. Basi Madison hakuamriwa lolote, wala hakupata nafasi ya kuasi. Korti ilikataa uwezo mdogo, ikajipatia ule mkubwa wa kupima sheria za Bunge. Mimi naona ulikuwa werevu mkubwa. Lakini Marbury, maskini, kazi hakuipata.

Werevu hautoshi siku zote. Mwaka 1832 Korti hiyo iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, na kwamba mmisionari Samuel Worcester alifungwa pasipo haki. Georgia haikujali. Worcester alitoka gerezani mwaka 1833 kwa msamaha wa Gavana, si kwa amri ya majaji. Wala Rais Andrew Jackson hakuisaidia hukumu ile. Mwaka 1838 Wacherokee walitolewa nchini mwao kwa nguvu za askari, na maelfu wakafa, hukumu yao njema ikiwa imehifadhiwa kabatini.

Hukumu, Mabwana, hupita mikononi mwa watu: karani aiandikaye, mkuu wa gereza afunguaye mlango, na marshali aipelekaye, ambaye yu chini ya Rais, si chini ya majaji. Majaji wana sababu zao tu, walizoziandika zisomwe hata na aliyeshindwa.

Mwaka 1954 majaji wote 9 walihukumu kwa neno moja kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1957 vijana weusi 9 walipokwenda kuingia shule ya Central mjini Little Rock, Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliweka askari wa jimbo kuwazuia. Rais Dwight Eisenhower, ambaye alikataa kusema hadharani kama aipenda hukumu ile, alituma askari wa miavuli, nao wakawasindikiza vijana mpaka ndani. Mwaka 1958 halmashauri ya shule iliomba kuahirisha jambo hilo. Korti Kuu ikakataa, na juu ya hukumu yakaandikwa majina ya majaji wote 9, jambo lisilo desturi yao, ili mtu asiseme kwamba wamegawanyika. Faubus akafunga shule za sekondari za mji, zikakaa mwaka mzima bila wanafunzi. Mwezi wa Juni 1959 korti ya wilaya ilitangua sheria aliyoitumia, na mwezi wa Agosti milango ikafunguliwa.