Dereva Hashindi Peke Yake
(Mazungumzo na wanakisomo wa Mpanda)



Leo tuzungumze habari za dereva mmoja hodari. Jina lake Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Watu walimwita Simba.

Alijulikana kwa mashindano ya magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na kwetu Tanganyika. Baadaye yalifanyika wakati wa Pasaka, kwenye mvua na matope. Nanyi matope ya njiani mnayajua! Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 vilevile, saba.

Je, Joginder alianza kwa kukimbiza gari? Hapana. Alianza kwa kushika spana katika gereji ya baba yake. Alijifunza gari kwanza, mbio baadaye. Mwaka 1965 alishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Ndiye mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alifariki mwaka 2013.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika gari la mashindano dereva hakai peke yake. Mwaka 1965 aliyekaa kando ya Joginder ni ndugu yake, Jaswant. Kazi ya mtu wa pili ni kusoma. Ameshika ramani na daftari, anasema kwa sauti: "Mbele kona kali! Mbele mto!" Dereva macho yake yako barabarani, hawezi kusoma. Msomaji akinyamaza, wote wawili wamo mtaroni.

Na sisi je? Masika moja tulipanda lori kutoka Inyonga kuja Mpanda. Njiani palikuwa na kibao: DARAJA BOVU. Tulikiona. Tukakisoma, tena bila kukosea. Lakini dereva alikuwa mkali, alikwisha mfokea mama mmoja. Tukaogopa, tukanyamaza. Lori likaingia korongoni. Magunia ya mahindi yalilowa, na mzee mmoja alivunjika mkono. Mzee yule hakujua kusoma. Akatuuliza: "Wanangu, ninyi mnaojua, kibao hamkukiona?"

Tulikosa jibu. Sisi walimu! Aibu ile tunayo hadi leo.

Ndugu zetu, kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusema. Ukisoma SUMU kwenye chupa ya dawa ya shamba, mwambie jirani. Ukisoma bei ya tumbaku kwenye ubao wa ushirika, mwambie asiyejua kusoma. Na kijana wa pikipiki akikimbia kupita kibao cha mwendo, mwambie: "Mwanangu, punguza." Akifoka, rudia.

Wewe ndiwe uliyekaa kando ya dereva. Usinyamaze.