BUIBUI MKUBWA NA SAFARI YAKE YA ARUSI

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Isiolo)



Mvua zinapoanza katika nchi kavu kama Isiolo, mara nyingi watu humwona usiku buibui mkubwa mwenye manyoya akipita karibu na nyumba au boma la mifugo. Papo hapo fimbo huchukuliwa, na buibui huuawa. Yafaa kwanza kujua mgeni huyo ni nani, na safari yake ni ya nini.

Waingereza huwaita buibui wa namna hii kwa jina la nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao hufanana na vidole vya nyani. Mmoja wao, mwenye rangi ya kutu, ambaye makao yake ni Kenya na Tanzania, alipewa jina la kitaalamu na Mjerumani Ferdinand Karsch mwaka 1885. Jike lake huchimba shimo refu, hulitandika hariri, na hukaa humo maisha yake yote. Aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Yule atembeaye mbali usiku kwa kawaida ni dume.

Dume akiisha kujivua gamba la mwisho, hufuma utando mdogo, huweka mbegu yake hapo, kisha huifyonza kwa viungo viwili vifupi vilivyo kando ya kinywa. Ndipo aanzapo safari. Macho yake ni 8, lakini hayaoni vizuri. Huongozwa na dalili zilizomo katika hariri ya jike. Afikapo mlangoni haingii bila hodi: hupiga ardhi kwa miguu na kutikisa mwili. Jike aliye tayari aweza kujibu kwa kupiga vivyo hivyo, kisha hutoka ameinua meno. Dume humwinua kwa miguu ya mbele, humpa mbegu, na kuondoka upesi, maana akichelewa aweza kuliwa. Hata akiokoka, hufa zamani kabla ya jike. Jike hutaga mayai katika mfuko wa hariri na kuyalinda.

Apendaye kutazama mambo haya na aende baada ya jua kutua, akae mbali kidogo na shimo, asikanyage kwa kishindo, na taa yake aifunike kwa kitambaa chekundu. Asimshike buibui, wala asitie kijiti shimoni. Sumu yake huumiza sana, ila kwa kawaida haiui mtu. Naye huuma akichokozwa.

Tena, wako watu wawatafutao wadudu hawa ili kuwauza ng'ambo. Mwezi wa Mei 2025, mahakama ya Nairobi iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi zaidi ya 5,000 waliokusudiwa kupelekwa nje bila kibali. Viumbe vidogo navyo vina sheria.

Jike mmoja akichimbuliwa, shimo la miaka mingi hubaki tupu, na dume atakayefika atabisha hodi asijibiwe. Basi mvua zikinyesha, na apishwe njia aende zake.