Tairi Kabla ya Safari ya Masasi

Ndugu wakazi wa Chuno,

Aendaye Masasi kwa pikipiki ana takriban kilomita 200 mbele yake, na wengi huwaza mafuta kwanza. Sisi twaanza na tairi, kwani likipasuka katika mwendo mkali, si dereva peke yake aangukaye. Ubavuni mwake tafuteni tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hasa ukianikwa juani barazani. Mkiona nyufa, msilinunue, hata likiwa limepakwa rangi likang'aa. Daini risiti, bila hiyo tutakosa ushahidi wa kushughulikia malalamiko yenu. Upepo upimeni alfajiri, tairi likiwa bado baridi.