Kifaru Ananihusu Nini?

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashushwa taratibu.)

Leo tunazungumza nawe tukiwa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda.

Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka hapa, wakaingia Goma. Wengi walikaa katika kambi za Kibumba na Mugunga, jirani na mbuga ya Virunga. Kuni hawakuwa nazo, kwa hiyo kila siku waliingia msituni kukata miti. Mwaka huohuo Virunga iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mtu mwenye njaa hatumlaumu. Lakini mti uliokatwa haukusubiri kujua sababu.

Upande wa pili wa Rwanda, mashariki, kuna mbuga ya Akagera. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya ardhi yake ilitolewa ili wakimbizi waliorudi nchini wapate pa kuishi na kulisha ng'ombe wao. Wanyama wakabaki na nafasi ndogo, na majangili nao hawakupumzika. Kifaru wa mwisho alionekana mwaka 2007. Vifaru waliwindwa kwa ajili ya pembe, na pembe hiyo imetengenezwa kwa kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zako!

Kwa miaka kumi, Akagera ilikaa bila kifaru. Mei 2017 wakaletwa vifaru weusi 18 kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2021 wakafuata vifaru weupe 30. Askari wa mbuga huwafuatilia kila siku.

Labda unasema: "Mimi naishi hemani, kifaru ananihusu nini?" Ndugu yangu, mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya swala haumchagui mnyama. Na nyama ya porini ikikosa mnunuzi, mtegaji naye huacha.

Kwa hiyo unaweza kujitolea hapo ulipo. Kama kuna kitalu cha miche kambini, nenda ukasaidie kumwagilia. Mfundishe jirani kujenga jiko la udongo linalokula kuni kidogo, na maharagwe kuyaloweka kabla ya kuyapika. Kwa walio Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda: shika jembe pamoja na wenyeji. Ukisikia habari za ujangili, mwambie kiongozi wako. Usiwafuate majangili mwenyewe, wana silaha.

Mama, ukiwa na jiko zuri binti yako hatakwenda mbali kutafuta kuni, huko anakoweza kukutana na hatari. Unalinda msitu, na mtoto wako pia.

Jioni ya leo, ulizaneni nyumbani: sisi tuanze na nini?

Kwaheri, tukutane kipindi kijacho.

(Muziki wa kufunga.)