Faini na Jasho la Mtu

 

Nimetakiwa niseme machache juu ya adhabu ya makosa madogo. Watazameni watu wawili waliokosa kosa moja, wakatozwa faini moja. Mwenye duka hutia mkono mfukoni, akalipa, akarudi nyumbani kwake. Mchuuzi wa barabarani hana kitu; hupelekwa gerezani Luzira, na nyuma yake watoto hulala na njaa. Kosa ni moja, hukumu ni moja, lakini adhabu ni mbili. Huyu wa pili hakufungwa kwa kosa lake, bali kwa ufukara wake.

Dawa ya jambo hili imo katika sheria ya nchi yetu. Mwezi wa Septemba 1996 wajumbe walikutana hapa Kampala juu ya hali ya magereza ya Afrika, na katika Azimio lao wakaisifu adhabu ya huduma kwa jamii. Mwaka 2000 Uganda ikatunga sheria yake. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka miwili, hakimu aweza kumwamuru mkosaji, kwa ridhaa yake mwenyewe, afanye kazi ya umma bila ya ujira pale anapokaa, muda usiozidi miezi sita, wala si zaidi ya saa nane kwa siku. Hufyeka majani ya zahanati au husafisha mtaro, na jioni hurejea kwa watoto wake. Akiitoroka kazi, hurudishwa mbele ya hakimu.

Je, jambo hili ni geni kwetu? La, hasha. Baada ya vita vya Badr, mateka wenye mali walijikomboa kwa mali zao. Wasio na mali lakini wajuao kuandika, kila mmoja alitakiwa afundishe watoto kumi wa Madina, kisha awe huru. Fukara akalipa, na mji ukafaidika.

Basi nawausia mambo mawili. Kwanza, mtu wetu akishtakiwa, mzee mmoja na aende akaeleze makazi yake na tabia yake, kwani hakimu huyatazama hayo. Pili, mkimwona ndugu anafagia mbele ya macho ya jirani zake, msimsimange. Aibu hiyo yamtosha. Palikuwa na mtu aliyeadhibiwa kwa ulevi, baadhi ya watu wakamlaani. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Mpeni salamu, mpeni maji ya kunywa, na Ijumaa mpisheni katika safu. Siku atakapoliweka jembe chini, deni lake limekwisha. Asiwepo miongoni mwetu wa kumdai tena.